i3-3220 au i5-2400? Basi linaondoka Jumamosi

DukaArua
Wakuu, salaam. Kompyuta yangu ya dukani imekuwa nzito, mteja anasubiri hadi anachoka anahamia kwa jirani. Binamu yangu yuko Kampala, amepata prosesa (zile chipu zinazofanya hesabu za kompyuta) mbili zilizotumika: i3-3220 kwa 45,000 na i5-2400 kwa 60,000. Moja ataifunga vizuri ampe kondakta wa basi la Jumamosi asubuhi. Naona i3 ni ya kizazi cha tatu na i5 ni ya kizazi cha pili, kwa hiyo i3 ndiyo mpya. Lakini tena i5 si ni kubwa kuliko i3? Nichukue ipi? Nina siku mbili tu.

FundiMbarara
Kazi gani? RAM ngapi? Mazabodi, ile bodi kuu, ni gani? Sasa hivi ndani kuna prosesa gani? Ssebo, umempigia daktari ukamwuliza umeze kidonge cheupe au chekundu, na hujasema unaumwa wapi.

Kijana_Wandegeya
i5, basi. Viini vinne vya kweli, kama wafanyakazi wanne ndani ya prosesa, kasi 3.1 GHz, ikibanwa na kazi inapanda hadi 3.4, keshi (memori ya ndani ya prosesa) MB 6. Hiyo i3 ina viini viwili vinavyojifanya vinne, keshi MB 3, na 3.3 yake haipandi popote. Hizo 15,000 za juu ni rolex tano tu, zile chapati za mayai, funga mkanda wiki moja.

SolaYumbe
Nyie wa Kampala mnaongea kama watu wenye umeme. i3 imeandikwa wati 55, i5 wati 95. i3 ni ya 2012, imetengenezwa kwa teknolojia ndogo zaidi ya nanomita 22. Hiyo nyingine ni ya 2011, nanomita 32. Mimi duka langu ni paneli mbili na betri moja, jua likizama kila wati naihesabu. Chukua i3.

DukaArua
Samahani wakuu, niliandika nikiwa na wateja. Kazi ni kujaza flashi na memori kadi: nyimbo, na filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ. Picha za pasipoti, kuchapa barua na CV. RAM ni GB 4. Kompyuta ni HP nyeusi, ile ya kulala. Ndani inasema Pentium G620.

MamaStesheneri
Mwanangu, mimi nina duka kama lako hapa Lira, mwaka wa saba huu. Kujaza flashi si kazi ya prosesa. Filamu ya MB 700 inatoka kwenye hadi diski, inapita tundu la USB, inaingia kwenye flashi, na atakayechelewa kati ya hao watatu ndiye anayewachelewesha wote. USB 2 ikijitahidi sana inapitisha MB 30 hivi kwa sekunde, na zile flashi za bei ya chini hazifikii hata nusu ya hapo. Ukichomeka flashi tatu kwa pamoja, sindano ya hadi diski inarukaruka huku na huku kama kuku aliyeona mwewe. Hizo 60,000 weka kwenye SSD, diski ya kasi isiyo na sindano, hata ndogo ya kuwekea Windows, filamu ziache kwenye diski ya zamani. Na ongeza RAM.

Kijana_Wandegeya
Mama, hakuuliza SSD. Kauliza prosesa.

MamaStesheneri
Na wewe hukuulizwa rolex.

BweraMpakani
Ngoja niseme jambo kabla DukaArua hajalia kama mimi. Mwaka juzi nilikuwa na mashine ya i3 ya kizazi cha pili. Nikaambiwa i5-3470 ni kiboko, soketi, yaani tundu la prosesa, ni ile ile 1155. Nikatafuta, nikapata. Kweli, iliingia kama mguu kwenye kiatu chake, zile pengo mbili za pembeni zikalingana. Nikapaka dawa ya joto, nikafunga feni, nikawasha. Feni inavuma, taa inawaka, skrini nyeusi tii.

Nikasema ni RAM. Nikazitoa, nikazisugua kwa raba, nikarudisha. Nyeusi. Nikanunua RAM nyingine. Nyeusi. Nikampelekea fundi mmoja wa pale sokoni, akaitoa prosesa na kuirudisha mara tatu huku anaongea na simu. Prosesa za soketi hii hazina miguu, pini ziko kwenye mazabodi yenyewe, nyembamba kuliko nywele. Akapinda mbili. Narudisha prosesa yangu ya zamani, nayo haiwaki! Aliyeniuzia anasema ilitoka kwake nzima. Fundi anasema aliikuta hivyo. Mashine imekuwa sanduku la kuwekea misumari.

Baadaye sana ndipo nikaelezwa: mazabodi yangu ilikuwa na chipseti (chipu inayoongoza mazabodi) Q67. Q67, Q65 na B65 hazipokei kizazi cha tatu, hata kama tundu ni lile lile. Kwa hiyo wewe DukaArua, usipoijua chipseti yako, hiyo i3-3220 inaweza kukufikia Arua salama ikawa pambo la mezani.

DukaArua
Banange. Lakini si G620 ni kizazi cha pili, kwa hiyo yangu haitapokea?

FundiMbarara
Haithibitishi kitu. G620 ni ya kizazi cha pili kweli, lakini mazabodi za Q75 na Q77 zinapokea vizazi vyote viwili. Andika msinfo32 kwenye Windows usome jina la modeli. Au soma stika ya mbele tu.

Na SolaYumbe, hizo wati 95 ni kipimo cha joto ambalo feni inatakiwa kuliondoa prosesa ikiwa imebanwa. Mtu anapoandika barua, zote mbili zinasinzia. Hata tuseme tofauti ni wati 40 kamili kwa saa kumi kila siku, ni yuniti 12 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya Yaka yako, umeme wa kulipia kabla, uone, na haitafika hapo.

SolaYumbe
Mimi sina Yaka. Betri haisomi hesabu zako. Kaa gizani saa moja na nusu usiku na mteja anataka CV yake, ndipo utaniambia nani anasinzia.

Mwalimu_Busia
Naomba nichomekee. Neno ni "kichakato", si "prosesa". Tuienzi lugha.

BweraMpakani
Mwalimu, process ni "mchakato". Unachotafuta ni "kichakataji". Kaa chini.

Mwalimu_Busia
Nimekubali. Ndiyo faida ya kuishi huko Bwera, jirani na Wakongo, mnatusahihisha hata sisi. Lakini nauliza, hizo zote mbili si Windows 11 inazikataa? Na Windows 10 ilifungiwa masasisho ya kawaida Oktoba 2025. Duka la kuchomeka flashi za kila mtu, hilo ni soko la virusi. Shuleni tumeweka Linux Mint.

Kijana_Wandegeya
Mteja wa CV umpe Linux, halafu aseme herufi zake zimehama. Haya.

DukaArua
Nimesoma stika. Imeandikwa HP Compaq 6, halafu namba ya pili imefutika, watu wanaweka kidole hapo wakiwasha. Halafu 00 Pro. Inaweza kuwa 6200 au 6300. Umeme umekatika, hiyo msinfo siwezi.

FundiMbarara
6200 ni Q65, i3 yako haitawaka. 6300 ni Q75, zote zitawaka. Tazama nyuma kama kuna matundu ya USB ya buluu. Yakiwepo ni 6300.

Kijana_Wandegeya
Sasa si mmesikia? i5 inawaka kwenye zote mbili. Nilisema tangu mwanzo.

FundiMbarara
Ulisema kwa sababu nyingine. Na G620 ni ya wati 65. Hitisinki yake, kile chuma cha kuipoza, kwenye kasha dogo, pamoja na vumbi la Arua, ikibebeshwa i5 utasikia feni inalia kama boda imetoboka ekzosi. Aulize kama binamu anaweza kupata na hitisinki.

DukaArua
Nyuma imeegemea ukuta na fotokopi iko juu ya waya. Nitasogeza kesho asubuhi kijana wangu akija kunisaidia. Binamu naye anasema kuna mtu ameiulizia i5.

MamaStesheneri
SSD haiulizwi na mtu.

BweraMpakani
DukaArua, hiyo G620 ukishaitoa usiitupe. Unaiuza?