Mrejesho: Pampu ya Hombolo imeacha kuvuta hewa

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza oringi (pete ya mpira ya kuziba) ipi inafaa kwenye kifuniko cha chujio, upande wa kunyonya wa pampu ninayomwagilia zabibu hapa Hombolo.

Mliosema kosa ni grisi mlikuwa sahihi. Oringi ya zamani ilikuwa ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, nami niliipaka grisi ya beringi. Mpira huo haupatani kabisa na mafuta ya mashine: ulivimba, ukalegea, ukagoma kukaa kwenye mfereji wake, yaani ule mkato wa duara unaoishika oringi. Na kwa kuwa upande ule unanyonya, hakuna tone lililovuja nje. Hewa ndiyo iliyokuwa ikiingia. Siku nne nzima nilikuwa nafungua pampu isiyo na kosa, miche ikinyauka.

Nimenunua ya NBR, mpira unaostahimili mafuta, mjini Dodoma. Muuzaji alitaka kukadiria kwa macho, nikakataa. Vipimo nilivichukua kwenye mfereji wenyewe, maana oringi iliyovimba inadanganya. Nikapaka grisi ya silikoni kidogo, kifuniko nikakikaza kwa mkono tu.

Tangu Jumamosi mapovu hayapo, na mistari ya mwisho shambani inapata maji. Asanteni sana, hasa mkuu uliyesisitiza nipime mfereji.