Naomba ushauri: kujibu maswali ya wapiga kura kuhusu mgombea binafsi

Habari wakuu. Tunaandaa karatasi ya maswali na majibu ya elimu ya mpiga kura kwa kata za Mbeya vijijini. Swali linalorudi kila mkutano: "Kwa nini fulani asigombee bila chama?"

Jibu la sheria ni fupi: Ibara ya 39 na 67 za Katiba ya Tanzania zinamtaka mgombea urais na ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Ugumu unaanzia kesi ya Mchungaji Mtikila, aliyedai mahakamani haki ya kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, kisha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikaamua Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki. Watu husikia hukumu ya mwisho tu, wakadhani ruksa ipo. Wengine, hasa upande wa Tunduma mpakani, wanaona Zambia wagombea huru wanasimama, nao wanachanganya.

Wanauliza pia, asiye na chama atapitishaje bajeti? Hilo naliona la msingi: kwenye baraza la madiwani kila diwani ana kura moja, hivyo lazima ashawishi wenzake.

Naombeni ushauri: hukumu ya 2013 tuielezeje kwa sentensi mbili, mzee asiyesoma sheria aelewe, bila kuonekana tunapigia chama debe?