Kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi: niiunganishe vipi na intaneti ya nyumbani?

Muulizaji

Habari zenu ndugu. Nina kompyuta ya mezani inayotumia Windows 10, nzima kabisa, ila haina Wi-Fi. Kwa nyuma ina tundu la waya wa mtandao pamoja na matundu kadhaa ya USB. Ruta iko sebuleni na kompyuta iko chumbani, umbali wa mita 12 hivi, na katikati kuna kuta mbili. Simu hupata intaneti chumbani humo bila shida. Ninaitaka hasa kwa mikutano ya video, kwa hiyo naomba ushauri kabla sijanunua kitu kisichonifaa.

Jibu la kwanza

Ndugu, kama unaweza kupitisha waya, pitisha waya. Mita 12 ni chache mno, kwa kuwa waya wa mtandao hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na ule wa daraja la Cat5e unatosha kabisa kwa kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde. Chomeka ncha moja kwenye ruta, katika mojawapo ya matundu ya LAN (ya vifaa vya nyumbani) na si lile la WAN (linaloingiza intaneti kutoka nje), na nyingine kwenye kompyuta, ukisukuma mpaka usikie kiplastiki chake kikijifunga. Taa ndogo kando ya tundu ikianza kumetameta, kwa kawaida huna la kufanya tena, maana ruta huipa kompyuta anwani yenyewe, wala hutaulizwa nenosiri.

Usiupitishe mahali ambapo mlango utaubana. Wangu ulibanwa miezi kadhaa, intaneti ikaendelea kupatikana lakini kasi ikagota kwenye megabiti 100, nami nikailaumu ruta bure. Ndani ya waya huo mna nyuzi 8, na kasi ya gigabiti huzihitaji zote. Wangu ulikuwa na uzi mmoja uliokatika.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu waya, lakini si kila mtu anaruhusiwa kutoboa kuta za nyumba anayoishi. Ikiwa ndiyo hali yako, nunua adapta ya Wi-Fi ya USB, yaani kifaa kidogo cha kuchomeka kinachoipa kompyuta Wi-Fi, inayopokea mawimbi ya gigahezi 2.4 na 5 pia. Yale ya 5 yana kasi zaidi, ila hudhoofika upesi yanapokutana na ukuta, kwa hiyo jaribu yote mawili ukiwa umeketi palepale utakapofanyia kazi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuichomeka adapta nyuma ya kompyuta iliyowekwa sakafuni, ambako kasha la chuma huyazuia mawimbi, kisha mtu akasema adapta ni mbovu. Tumia waya mfupi wa kurefushia USB, uilete juu ya meza. Ukifanya hivyo utaiepusha pia na matundu ya USB 3.0, ambayo yakitumika huweza kuvuruga mawimbi ya gigahezi 2.4.

Jibu la tatu

Kabla ya kununua chochote, jaribu simu yako. Simu nyingi za Android zikiwa zimeunganishwa na Wi-Fi zinaweza kuipitisha intaneti hiyo hadi kwenye kompyuta kwa waya wa kuchajia: fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya kushiriki intaneti, kisha washa kushiriki kwa USB. Windows itaiona simu kana kwamba ni waya wa mtandao. Zima data ya simu kwanza, la sivyo Wi-Fi ikikatika kifurushi chako kitaliwa bila wewe kujua. Kompyuta isipoiona simu, badilisha waya, kwani baadhi hupitisha umeme tu.

Njia hii itakufaa hata ukinunua adapta, kwa sababu baadhi ya adapta hudai draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) ambayo haipatikani bila intaneti.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimeanza na simu, na ndani ya dakika chache kompyuta ikapata intaneti, ingawa waya ukiguswa tu mawasiliano hukatika, hivyo siwezi kuitegemea katika mkutano. Nimepima njia ya kufuata kona za kuta juu ya milango, ikatoka mita 17. Nitanunua waya wa mita 20 ili usivutike kwenye kona, nao hautapita chini ya mlango wowote.