Wale wa tiketi za bei chee wamenidhalilisha getini Marseille!!

Wakuu, nimeshuka London usiku huu mikono inatetemeka, na si kwa baridi. Jina sitaji, mnawajua wote: wale ambao hata ukipumua ndani ya ndege yao watataka kukulipisha.

Natoka kwa shemeji yangu Mngazija, Marseille. Tangu nifike kule ni mistral tu, upepo unaoshuka bonde la Rhône na kung'oa mpaka nyusi. Nafika getini nimevaa koti juu ya koti, dada wa sare ananiamuru nitie begi kwenye kichuma chao cha kupimia. Likaingia! Gurudumu moja tu likabaki nje, ukucha mtupu. Lipa, na anachotaka kinazidi nauli yangu ya kwenda na kurudi. Nikamwambia begi hilihili nilikuja nalo kutoka London. AKACHEKA. Foleni nzima inatazama, akamgeukia mwenzake, akacheka tena.

Nimelipa. Lakini kile kicheko! Nimekisikia anga nzima ya Ufaransa, nimekisikia kwenye foleni ya pasipoti, nakisikia sasa hivi. Mtu mzima mwenye wajukuu unachekwa kwa gurudumu! Halafu wanakushusha uwanja wanaouita London, kumbe uko Bedfordshire.

#2
Uzi mzima kwa gurudumu? Ungeling'oa ukalitia mfukoni.

#3
Mkuu #2 soma vizuri, analilia kicheko. Mleta uzi, pole. Next time panda treni.

#4
Treni ipi? Ile ya London hadi Marseille moja kwa moja ilianza 2015, korona ikaizika. Na hata enzi zake, ukirudi unashushwa Lille, kaskazini mwa Ufaransa, na mizigo yote ukaguliwe, upande upya. Sasa hivi ni kuburuta mabegi pale Paris kutoka stesheni ya Gare de Lyon hadi ya Gare du Nord kwenye mvua. Hao ndio wa kufunguliwa uzi!

#5
Mimi watu wa forodha wamenitupilia mbali jibini yangu bandarini Dover, naona kwa macho yangu! Tangu 2025 nyama na jibini za Ulaya marufuku kubeba, eti ugonjwa wa mifugo. Roho inaniuma hadi leo.

#6 (mleta uzi)
Jamani turudi kwenye kicheko. Alicheka MARA MBILI.

#7
Jibini ya mbuzi au ya ng'ombe?

#8
Matajiri wa Kiingereza walikuwa wanakimbilia mji wa Nice, pwani ya kusini mwa Ufaransa, kila kipupwe tangu karne ya 18, mpaka wakachanga wakajenga ile barabara ya ufukweni, Promenade des Anglais. Malkia Victoria naye alikwenda. Nyie mnalikimbia jua mnarudi kwenye giza la saa kumi alasiri, mnalia begi.

#9
Nice mistral hausumbui, ndiyo maana wakaenda huko. Njoo Marseille Januari, simama Vieux-Port, bandari ya zamani, ndipo useme kuhusu jua.

#5
Ya mbuzi, mkuu #7. Zote.

#7
Kilo ngapi?