Nimealikwa chakula cha hisani Harewood House, naombeni msaada

Muuguzi_Leeds aliuliza:
Habari zenu ndugu. Mimi ni mtu wa Tanga, huu ni mwaka wa tatu nauguza hapa Leeds, Uingereza. Msimamizi wa wodi yangu amenunua meza ya watu kumi kwenye chakula cha jioni cha kuchangia hospisi ya watoto, yaani mahali wanapotunzwa watoto wenye maradhi yasiyopona, kitafanyika Harewood House, lile jumba la kale la kitajiri karibu na Leeds, nami nimo. Nimefurahi kweli, ila kadi imenichanganya. Juu imeandikwa "Black tie", katikati "7 for 7.30pm", chini "Carriages 11.30pm". Hiyo ya mwisho maana yake nini? Na niende na pesa kiasi gani? Mama wa watu kanikumbuka, sitaki kumwaibisha.

BiMkubwa_Yorkshire alijibu:
Hongera mdogo wangu, nenda. Vyakula vya namna hiyo nimekwenda mara nne, mara moja hapo hapo Harewood.

Kadi kwanza. Saa moja mnafika, mnapewa vinywaji mkiwa mmesimama. Saa moja na nusu mnakaa mezani, na hapo hawasubiri mtu. "Carriages" ni neno la enzi za magari ya farasi. Siku hizi maana yake saa tano na nusu shughuli imekwisha, teksi yako iwe mlangoni. Iagize mapema. Basi namba 36 linapita Harewood, lakini linakushusha getini, na kutoka getini hadi kwenye nyumba ni mwendo, tena gizani, nawe una viatu vya kisigino.

Wanaume huvaa suti nyeusi na tai ya kipepeo, wanawake gauni refu. Vazi la kwenu linakubalika kabisa. Mimi nilivaa kitenge nilichoshonewa Kariakoo, kirefu hadi kifundoni, na mtandio wake.

Sasa pesa. Kwenye harambee za kwetu mtu husimama akataja kiasi, vigelegele vikapigwa. Hapa utakuta bahasha mbele ya sahani yako, unaandika kimya kimya, unaifunga. Kwa hiyo amua kiasi ukiwa nyumbani. Mnada waachie wenye nacho. Ila shika hili: kwenye bahasha pana kisanduku cha Gift Aid. Wewe kodi unakatwa kila mwezi, basi tia alama, andika jina na anwani, na serikali itaongeza peni 25 kwa kila pauni uliyotoa. Tiketi za bahati nasibu hazimo katika hesabu hiyo, ndiyo maana mimi pauni zangu zote huziweka kwenye bahasha.

Msafiri_Bradford alijibu:
Kama huli nguruwe au unataka halali, mwambie aliyenunua meza sasa hivi, usingoje siku yenyewe. Uma na visu anza na vya nje, uje ndani.

Lakini mimi ile nyumba moyo wangu unagoma. Imejengwa kwa fedha za sukari na watumwa. Bi Mkubwa, chakula kilishuka?

BiMkubwa_Yorkshire alijibu:
Una haki ya kuuliza, kaka. Henry Lascelles alitajirika kwa biashara ya Barbados, sukari na watumwa, akanunua ardhi ile mwaka 1738. Mwanawe Edwin akaanza kujenga nyumba 1759. Wenyewe siku hizi hawalifichi.

Kabla ya chakula tulipitishwa kwenye ukumbi mrefu wanaouita Gallery. Juu ya madirisha niliona mapazia mazito, yana mikunjo na vishada. Nikasogea karibu. Si kitambaa, ni mbao! Zimechongwa na karakana ya Chippendale, fundi samani maarufu wa zamani, na kupakwa rangi mpaka jicho linadanganyika. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, habari za minyororo nimekua nazo. Nilisimama pale nikiwawaza waliokata miwa ili mbao igeuzwe pazia. Hapana, chakula hakikushuka vizuri.

Halafu akasimama mama mmoja aliyefiwa na binti hospisini. Akasema asubuhi ya mwisho muuguzi alikaa kitandani akamsuka mtoto nywele, taratibu, mpaka akamaliza. Nilichukua kalamu nikaandika bahasha yangu. Ingekuwa kesho ningekwenda tena.

Muuguzi_Leeds aliandika:
Dada, hapo kwenye nywele nimelia. Nimewasuka wagonjwa wangu mara ngapi, sikuwahi kudhani familia zinakumbuka. Kaka, ya halali nimeshamwambia. Pauni thelathini nimeziweka kando, na hayo mapazia nitayatafuta kabla hatujakaa.