Lennart Meri wa Estonia: kura za wananchi alikuwa wa pili, akawaje Rais?

Mwanatanga
Wakuu, habari za jioni. Nafuatilia historia ya nchi zilizochomoka Umoja wa Kisovieti, nimekwama kwa huyu mzee wa Estonia, Lennart Meri. Septemba 20, 1992 wananchi wanapiga kura: Arnold Rüütel asilimia 41.8, Meri 29.5. Oktoba anayeapishwa ni Meri! Kwetu hapo pangechimbika. Aliingiaje Ikulu, na kwa nini wenzetu wanamuenzi hadi leo? Wenye kujua naomba mnijuze.

Binti Pangani
Mkuu, hakuna aliyeibiwa kura. Katiba mpya waliipitisha wenyewe kwa kura ya maoni Juni 1992, na utaratibu wa uchaguzi ule wa kwanza ulijulikana mapema: asipopatikana wa kuvuka nusu, wawili wa juu wanapelekwa Riigikogu, bunge lao lenye viti 101. Oktoba 5 wabunge wakaamua: Meri 59, Rüütel 31. Rüütel alikuwa kigogo wa Baraza Kuu, bunge la zama za Kisovieti, tangu enzi za Wakomunisti, na bunge jipya lilishikwa na kina Mart Laar, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, waliotaka kuachana na enzi hizo. Mwaka 2001 Rüütel huyohuyo ndiye aliyempokea Meri kijiti.

Kuhusu kuenziwa: nipo Tartu kimasomo, mji aliomalizia chuo cha historia mwaka 1953, na maisha ya huyu mzee yananigusa sana. Baba yake, Georg, alikuwa mwanadiplomasia, hivyo mtoto alipita shule tisa kwa lugha nne, Paris ikiwemo. Juni 14, 1941 Wasovieti wakazoa watu kama elfu kumi Estonia nzima na kuwapakia kwenye mabehewa. Familia ya Meri imo. Baba akatenganishwa nao, akapelekwa kambini. Lennart, miaka 12, na mama na mdogo wake wakatupwa ndani kabisa ya Urusi. Huko alimenya viazi, akakata miti, akaelea na magogo mtoni ili wapate kula. Mtoto wa mwanadiplomasia! Walirudi hai, na baba akaja kutafsiri Shakespeare kwa Kiestonia.

Alipohitimu, kazi ya uanahistoria alinyimwa. Akaenda kwenye jumba la michezo ya kuigiza, redio, kisha filamu kuhusu makabila madogo yenye lugha za ukoo mmoja na Kiestonia. Moja Wasovieti waliipiga marufuku, lakini huko New York filamu hiyo ikatunukiwa medali ya fedha. Mwaka 1990 akafanywa waziri wa mambo ya nje, na lugha zile za utotoni zikawa mtaji.

Ila kazi yake kubwa kwangu ni ya Julai 26, 1994, Moscow. Uhuru ulirudi Agosti 1991 lakini wanajeshi wa Urusi walikuwa bado wamo nchini. Yeye na Yeltsin, Rais wa Urusi, wakatia saini: waondoke wote ifikapo Agosti 31. Meri kwa upande wake alikubali wanajeshi wastaafu wa Kisovieti wabaki na wapate huduma za jamii. Nyumbani walimsema vibaya mno kwa hilo. Mimi nasema alipatia: wazee wabaki na pensheni zao, vifaru viondoke.

Mzee wa Kitope
Ongezea ile ya 1997, katoka Japani, akawaita waandishi wa habari chooni pale uwanja wa ndege wa Tallinn, mkutano ukafanyikia humohumo, ili nchi nzima ione uchakavu wa vyoo vilivyorithiwa kwa Wasovieti. Rais mzima. Uwanja huo sasa una jina lake.

Mvita Mmoja
Dada, ahsante kwa darasa, lakini mwamsifu mno. Mwaka 1992 karibu theluthi ya wakazi hawakuwa na uraia, wengi wao wazungumzaji wa Kirusi. Na hilo pia la kuenziwa?

Binti Pangani
Kaka, umeuliza la haki. Uraia walirudishiwa waliokuwa raia kabla ya uvamizi wa 1940 na vizazi vyao. Wengine waombe, na mtihani wa lugha juu. Wapo wenye pasipoti za kijivu, za wasio na uraia, hadi leo, na uchungu wao siubishii. Lakini tazama Meri alivyofanya 1993. Bunge lilipitisha sheria ya wageni, yaani wakazi wasio raia, yenye makali, hofu ikatanda Narva, mji wa mpakani ambao karibu wote ni wazungumzaji wa Kirusi. Akagoma kuisaini. Akaipeleka kwa wataalamu wa Baraza la Ulaya na wa mkutano wa usalama wa Ulaya, wakaipitia, bunge likairekebisha, ndipo akaweka saini. Narva walipiga kura yao ya kutaka kujitawala Julai hiyohiyo. Mahakama ikaibatilisha, na hakuna risasi iliyopigwa. Mwaka uleule Yugoslavia ilikuwa inaungua.