ThinkPad P50 na picha za droni: niongeze RAM, nibadilishe diski, au niiuze?

Mpima_Dom

Wakuu, habari za jioni. Nafanya upimaji na urasimishaji wa makazi hapa Dodoma. Mashine yangu ya kazi ni laptopu ya ThinkPad P50: prosesa Core i7-6820HQ, kadi ya picha Quadro M2000M, RAM (kumbukumbu ya kazi) 16GB (mbili za 8GB), NVMe (diski ya kasi) ya 256GB, ndiyo C, yenye Windows na Metashape, programu ya kugeuza picha za droni kuwa ramani, na HDD (diski ya kuzunguka) ya 1TB ninakoweka picha na miradi.

Nilipokuwa narudi na picha 200 au 300 za mtaa mmoja, tulielewana vizuri. Sasa maeneo yamekuwa makubwa, narudi na picha 700 za megapikseli 20 kila moja, na mashine inaganda. Juzi niliiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi nikakuta imefika hatua ya kujenga meshi, yaani umbo la 3D la eneo, ikakata na ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi. Mteja anapiga simu kila siku.

Mfukoni nina kama laki sita. Nimefikiria mambo manne: kuongeza RAM, kuweka NVMe ya 1TB kwenye nafasi ya pili na kuhamishia miradi huko, kutoa HDD na kuweka SSD ya SATA, ambayo ni nafuu, au kuiuza hii niongezee ninunue mpya zaidi. Fundi wa hapa mtaani kanihakikishia tatizo ni diski, maana kwenye Task Manager diski inasoma 100% muda wote. Nisaidieni nisitupe hela.

FundiGerezani

Mkuu, kabla hujanunua chochote, anzisha kazi ile ile, ikifika pale inapoganda fungua Task Manager upande wa Memory, unisomee mstari wa Committed, yaani kumbukumbu ambayo programu zote zimeahidiwa. Kisha niambie diski C imebakiwa na nafasi kiasi gani, na ni diski ipi inayosoma 100%, C au ile ya miradi.

Mpima_Dom

Nimefanya. RAM inayotumika ni 15.6GB. Committed ni 28 ya 29. Diski inayosoma 100% ni C, na imebakiwa na 9GB tu. Ile ya miradi inapanda na kushuka.

FundiGerezani

Basi hapo jibu limeshajiandika. HDD yako ni ya polepole kweli, lakini siyo inayokukatia kazi. RAM ikijaa, Windows inaanza kuhamishia mzigo kwenye faili maalumu lililoko C, inalitumia kama RAM ya dharura. Ile namba 29 ni jumla ya RAM yako na faili hilo. C inakaribia kujaa, kwa hiyo faili halina nafasi ya kukua sana. Programu ikiomba zaidi ya hapo inanyimwa, na inakufa. Diski inaonekana mkosaji kwa sababu ndiyo inayohangaika, kumbe inabeba mzigo wa RAM.

Linganisha kasi uone kwa nini kila kitu kinaganda. HDD inasoma kama 100MB kwa sekunde ikiwa na hali nzuri. SSD ya SATA inafika 550. NVMe ya PCIe 3.0, ambayo ndiyo P50 inaielewa, inafika 3,500. RAM ya DDR4-2133 kwa njia mbili inavuka 30,000. Hata NVMe nzuri ikigeuzwa kuwa RAM ni sawa na kumtoa mtu kwenye lami ukampitisha kwenye mchanga.

Kwa hiyo kwangu mimi RAM ni ya kwanza, NVMe ni ya pili, SATA haina sababu kama nafasi ya pili ya NVMe iko wazi. P50 ina nafasi nne za RAM, mbili chini ya kifuniko cha chini na mbili chini ya kibodi, na kikomo chake ni 64GB. Usinunue mbili nyingine za 8GB. Chukua mbili za 16GB, utakuwa na 48GB leo, na siku mambo yakizidi unatoa zile za 8 unaweka za 16, unafika 64. Ukikuta zimeandikwa kasi ya 2400 au 2666 usiogope, zitashuka zenyewe hadi 2133.

Bi_Ramani

Salaam kutoka Unguja. Kaka, mimi nina swali ambalo halijaulizwa: kwa nini unajenga meshi?

Sisi huku kazi ya droni tuliianza mapema. Mradi wa ramani ya Zanzibar wa 2016 ulirusha droni visiwa vyote viwili, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walishiriki. Katika kazi ya namna hiyo, eneo tambarare linalopigwa picha kutoka juu, meshi ya 3D haihitajiki ili upate othofoto, yaani picha moja kubwa iliyonyooshwa kama ramani. Ukishapata wingu la nukta (nukta za 3D zinazotokana na picha), jenga DEM, yaani modeli ya mwinuko wa ardhi, kisha othofoto ikae juu ya DEM. Meshi inafaa kwa jengo au sanamu, kitu chenye pande zote. Inakula kumbukumbu kuliko hatua nyingi, na mteja wa viwanja hana haja nayo. Eneo likiwa kubwa sana, ligawe vipande, uviunganishe mwishoni.

RAM nunua, sikukatazi. Lakini jaribu hili usiku wa leo, ni bure.

Mpima_Dom

Dada, nimekuwa nafuata hatua nilizofundishwa na aliyeniuzia leseni, sikuwahi kuuliza kwa nini. Najaribu leo.

Mchoraji_Nai

Niko Nairobi, nachora majengo kwa programu ya Revit. Mimi ningepima hilo la nne kwa uzito zaidi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako ya kizazi cha 6 haiko kwenye orodha ya Windows 11. Unaweka pesa kwenye mashine ambayo Microsoft imeshaiacha nyuma, na humo mna ramani za wateja.

Nilikuwa na P50 kama yako. Nilihamia P52, ya 2018, iliyotumika Uingereza. Prosesa ni kizazi cha 8, Windows 11 inaikubali, ina nafasi nne za RAM na inafika 128GB.

FundiGerezani

Ndugu wa Nairobi umesema kweli kuhusu Windows, na mimi siwezi kulipinga. Ila tazama hesabu ya mwenzetu. Laki sita haimfikishi kwenye P52 yenye RAM ya kutosha. Atapata yenye 16GB, arudi pale pale. Sasa angalia uzuri wake: P52 nayo inatumia DDR4 ndogo ya laptopu na NVMe za ukubwa wa 2280. RAM na NVMe atakazonunua leo zitahamia huko siku akiipata. Achukue tu RAM za 2666 na siyo 2133, ili baadaye zisimrudishe nyuma.

Mchoraji_Nai

Hapo nakubali. Sikuwa nimefikiria kuhamisha vifaa. Basi asikawie, kwa sababu bei za RAM zilianza kupanda vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Mwezi Desemba Micron walitangaza wanaachana na biashara ya Crucial, chapa yao ya RAM na diski, kwa wateja wa kawaida. Zilizotumika nazo zinafuata bei hiyo hiyo.

Kijana_Muscat

Nami nichangie kidogo kutoka Oman. Ukifika wakati wa kununua mashine nyingine, uliza RAM imefungwaje kabla ya kuuliza prosesa. ThinkPad X1 Carbon, kwa mfano, RAM imechomelewa kwenye bodi, uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Dell kwenye Precision 7670 ya 2022 walileta kibao kipya cha RAM kinachoitwa CAMM. Kinatoka, ndiyo, lakini ni kimoja, kwa hiyo ukitaka kuongeza unanunua kizima upya. Nafasi nne kama za P50 na P52 ni neema.

FundiGerezani

Sasa NVMe, maana hapa watu wanaumia. Usitazame kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Crucial P3 ya 1TB imeandikwa inasoma 3,500, na WD Blue SN570 ya 1TB imeandikwa hivyo hivyo 3,500. Lakini P3 ni QLC, aina ya chipu ya bei nafuu inayochoka mapema, uhai wake wa kuandikwa umekadiriwa TB 220. SN570 ni TLC, aina inayodumu zaidi, TB 600. Samsung 970 EVO Plus ya 1TB nayo ni TLC na TB 600. Kazi yako inaandika makumi ya GB kwa mkupuo, na QLC sehemu yake ya haraka ikishajaa inashuka hadi unaweza kudhani umerudi kwenye HDD. Kwa mtu wa ofisi P3 inatosha kabisa. Kwa mpima wa droni, chukua TLC.

Ukinunua iliyotumika, iweke kwanza kwenye mashine yako mbele ya muuzaji, fungua CrystalDiskInfo, soma saa ilizowaka na kiasi ilichoandikwa. Zile zinazodai 2TB kwa bei ya kutupa, zijaze kwa H2testw hadi mwisho. Nimeshaona mezani kwangu iliyodai 2TB ikabeba 64GB tu, vingine vyote vilipotea. Mwenyewe alikuwa amehifadhi picha za mahafali ya mwanawe humo.

Siku ya kufunga: ukiwa umewasha BitLocker, kufuli la diski la Windows, chapisha ufunguo wake kwanza. Zima mashine, toa chaja, toa betri ya nyuma. Dodoma hewa ni kavu, mwili unabeba umeme tuli, shika chuma kwanza kabla ya kugusa RAM. NVMe kwenye P50 inakaa kwenye kibao chake cha chuma, hakikisha muuzaji anakupa na hicho, maana nafasi ya pili mara nyingi huja tupu.

Mpima_Dom

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na mbili.

Usiku ule nilifuata njia ya Bi Ramani na RAM yangu ile ile ya 16GB. Kazi haikukatika. Ilichukua saa 14, lakini othofoto ilitoka, mteja akapata chake kesho yake. Dada, Mungu akubariki, nilikuwa nakaribia kurudisha malipo ya awali.

Baadaye nikanunua RAM mbili za 16GB zilizotumika na NVMe mpya ya TLC ya 1TB. Hela iliisha na elfu thelathini juu. Zile za zamani nilizikuta chini ya kibodi, kwa hiyo mpya ziliingia chini bila kugusa kibodi. Kibao cha chuma muuzaji hakuwa nacho, nimekipata kwa fundi mwenye P50 mbovu. Picha zile zile 700, njia ile ile: saa 5 na dakika 40. Committed ilifika 37 na mashine ilikuwa inanijibu, niliandika barua huku inaendelea. Nafasi kwenye C nimeifungua, 70GB ziko wazi.

HDD nimeitoa, iko kwenye kasha la USB na miradi iliyokwisha.

Bi_Ramani

Alhamdulillahi. Hiyo HDD ina umri gani?

Mpima_Dom

Ilikuja na mashine. 2016.

Bi_Ramani

Basi wiki hii hii nakili vilivyomo mahali pengine. Miaka kumi ndani ya gari la upimaji, barabara za vumbi, na sasa iko kwenye kasha la plastiki. Mipaka ya viwanja vya watu imo humo.